SAA YA BABU: JINSI NILIVYOUTAFUTA UMRI WAKE

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi nimeuliza, nikajibiwa, na majibu mengine yakanikosesha usingizi kabla ya kunifurahisha. Katika makala haya nataka kukueleza jinsi mtu anavyoweza kuitafuta historia ya saa ya mkono ya zamani aliyoirithi, bila ya kuwa tajiri na bila ya kwenda Ulaya. Mfano wangu utakuwa saa moja tu, nayo ni ya marehemu babu yangu.

Babu aliaga dunia mwaka wa 2023. Alikuwa karani wa reli katika stesheni ya Voi kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu watu walizidi kumwita Bwana Stesheni. Mimi ndiye niliyepewa jina lake. Kwa hivyo matanga yalipoanuliwa, wazee waliniita mbele ya watu wakanikabidhi saa yake. Ni Seiko 5 ya chuma, uso wake wa rangi ya fedha iliyofifia, na kioo chake kina mkwaruzo mrefu uliopita juu ya nambari ya tatu. Ukiitia mkononi bila kuitikisa, imekufa. Ukiitikisa kidogo, inaamka na kuanza kutembea kana kwamba haikulala.

Pamoja na saa nilikabidhiwa hadithi yake. Baba mdogo aliisimulia siku ile, naye huisimulia kila tunapokusanyika. Alisema kwamba mwaka wa 1964, Kenya ikiwa ingali changa, mkaguzi mmoja Mzungu wa reli alikuwa anarejea kwao Uingereza. Kabla ya kwenda kupanda meli Mombasa, aliivua saa mkononi mwake akampa babu, akamwambia kuwa hajapata kuona karani asiyechelewa kazini hata siku moja kama yeye. Kwetu sisi hadithi hiyo ilikuwa kama cheti. Mtoto akichelewa kuamka huambiwa, "Wewe, babu yako alipewa saa na Mzungu kwa kutochelewa!"

Basi siku moja nilikwenda nayo shuleni. Jirani yangu wa dawati aliitazama, akaigeuza, akasema kwa sauti ya kusikika na darasa zima, "Ati ya mwaka wa 1964? Wacha mchezo! Umejuaje?" Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kumjibu kwa hasira, lakini lo! Nilipolitafuta jibu sikulipata, ila "baba mdogo alisema." Mwalimu wetu wa Historia hutukumbusha kila muhula kwamba yaliyopita hutafutwa kwa njia tatu: masimulizi ya watu, maandishi, na vitu vyenyewe. Mimi nilikuwa na masimulizi peke yake. Nikaona nisipoitafuta kweli, nitabaki nikibishana hadi nimalize shule.

Hatua ya kwanza, ndugu msomaji, ni kuiacha saa ilivyo. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno ili ing'are. Usiifungue kwa kisu cha jikoni. Saa nyingine za zamani, hasa zile za kabla ya mwisho wa miaka ya sitini, zilipakwa nambari zake radiamu ili zionekane gizani, na radiamu ni sumu. Unga wake haufai kupumuliwa. Isitoshe, uchafu na mikwaruzo ni sehemu ya ushahidi. Mkwaruzo ule wa saa ya babu, kwa mfano, nyanya aliniambia ni wa mlango wa behewa la mizigo. Ningeusugua ukatoka, ningefuta habari hiyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Hatua ya pili ni kuisoma saa kama unavyosoma kitabu, kuanzia jalada la mbele. Niliazima kioo cha kukuzia kutoka maabara ya Biolojia, kwa ruhusa ya mwalimu. Kwenye uso wa saa kuna jina la Seiko na ile alama ya 5. Wengi hudhani hiyo 5 ni urembo, kumbe ina maana yake. Seiko 5 ya kwanza ilitoka mwaka wa 1963, na wenyewe waliahidi mambo matano: saa ijitie ufunguo yenyewe, siku na tarehe zionekane katika kidirisha kimoja, istahimili maji, kile kifundo cha ubavuni kikae mahali pa nambari ya nne badala ya tatu, na kasha na ukanda wake viwe imara. Niliitazama saa ya babu nikayahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Yote yapo.

Hapo nikakumbuka kwamba jina hilo la Seiko nimelisikia tangu utotoni bila kujua limetoka wapi. Nikasoma. Mwanzilishi wake ni Kintaro Hattori, aliyefungua duka la saa jijini Tokyo mwaka wa 1881. Mwaka wa 1892 alianzisha kiwanda, na mwaka wa 1913 kiwanda hicho kikatoa saa ya mkono ya kwanza kutengenezwa Japani, iliyoitwa Laurel. Jina la Seiko lilianza kuonekana kwenye uso wa saa mwaka wa 1924. Kwa hivyo niliona hakuna ajabu Mzungu wa mwaka wa 1964 kuwa na Seiko 5, kwani ilikuwa imekwisha toka mwaka mmoja kabla. Mpaka hapo baba mdogo alikuwa anashinda.

Katika kile kidirisha cha siku niliona jambo jingine. Siku zimeandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu. Saa za aina hii zilitengenezwa kwa lugha mbilimbili kulingana na masoko zilikopelekwa. Mwenye saa huchagua lugha anayoitaka, na ile nyingine huruka wakati wa usiku wa manane. Babu alitumia Kiingereza. Lakini kile Kiarabu kilinionyesha kwamba saa hii ilikusudiwa masoko ambako watu husoma Kiarabu. Niliandika hayo katika daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Hatua ya tatu ni kuigeuza saa na kusoma mgongo wake. Hapa ndipo penye siri. Kwenye mgongo wa Seiko za zamani huwa kuna nambari mbili. Ya kwanza ina tarakimu nne, kistari, halafu tarakimu nne nyingine. Zile nne za mwanzo ni jina la injini iliyo ndani, na nne za mwisho ni za kasha. Ya babu yaanza na 6119. Hata chini kabisa ya uso wa saa, kwa herufi ndogo mno, utaikuta tena nambari ya injini. Ukikuta injini iliyotajwa mbele si ile iliyotajwa nyuma, ujue saa hiyo imebadilishwa uso au kasha njiani. Ya babu ilitaja 6119 mbele na nyuma. Nikashukuru.

Nambari ya pili ndiyo nambari ya saa yenyewe, na ndani yake umefichwa mwezi wa kuzaliwa. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho katika mwaka, na ya pili ni mwezi. Januari ni 1, Februari ni 2, mpaka Septemba ambayo ni 9. Oktoba huandikwa kwa sifuri au herufi O, Novemba ni N, na Desemba ni D. Zinazofuata ni hesabu ya saa zilizotoka mwezi huo. Nambari ya saa ya babu yaanza na 48. Yaani Agosti ya mwaka unaoishia na nne.

Msomaji, niliruka! Mwaka unaoishia na nne si ndio huo wa 1964? Nikawaza jinsi nitakavyomnyamazisha yule jirani yangu wa dawati. Lakini usiku, nilipokuwa nikisoma nambari zangu kwa taa, nikajiuliza swali ambalo ningependa kila mtafiti ajiulize: je, kuna jibu jingine linaloweza kufaa? Tarakimu hiyo ya kwanza haitaji muongo. Nne inaweza kuwa 1964, inaweza kuwa 1974, inaweza hata kuwa 1984. Ukiitegemea nambari hiyo peke yake, umebaki na miaka mitatu mkononi na hujui ushike upi. Watu wengi huchagua ule wanaoupenda, na mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo hivyo.

Namna ya kuchagua muongo ni kuitafuta historia ya injini. Dada yangu aliniruhusu kutumia intaneti kwenye simu yake siku za Jumamosi, na huko nikakutana na watu wanaozipenda saa hizi kutoka kila pembe ya dunia. Wote wanakubaliana kwamba injini ya 6119 ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya sitini na ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya sabini. Mwaka wa 1964 haikuwapo. Mwaka wa 1984 ilikuwa imekwisha achwa, na nafasi yake imechukuliwa na nyingine. Basi umebaki mwaka mmoja tu, nao ni 1974.

Sikutaka kuamini. Nikaigeuza saa tena kutafuta mahali pa kuponea, nikakuta ushahidi mwingine dhidi yangu. Kabla ya mwaka wa 1970 hivi, migongo ya Seiko iliandikwa WATERPROOF, kana kwamba maji hayawezi kuingia kamwe. Baadaye maneno hayo yaliachwa, yakaja ya WATER RESISTANT, yenye maana ya kwamba saa hustahimili maji kwa kiasi fulani tu. Mgongo wa saa ya babu una maneno hayo ya pili.

Hatua ya nne ni fundi, kwa kuwa mtu asijihukumu mwenyewe. Hapa mjini tuna fundi wa saa, mzee mwenye meza ndogo barazani karibu na soko. Nilimwamkia "Shikamoo mzee," nikamweleza shida yangu. Alikiweka kioo chake jichoni, akaubana mgongo wa saa kwa kifaa chake maalumu, akauzungusha. Kwa mara ya kwanza nikaona alichokivaa babu miaka yote hiyo.

Acha nikueleze kilichomo, maana ni ajabu. Juu kabisa pana kipande cha chuma kilichokatwa nusu duara. Kila ukiusogeza mkono, kipande hicho huzunguka kwa uzito wake, na mzunguko huo huikaza kamani. Ndiyo maana saa hii hujitia ufunguo yenyewe mvaaji anapotembea. Hata kile kifundo cha ubavuni hakiwezi kuikaza kamani kabisa, kazi yake ni kurekebisha majira, siku na tarehe. Kamani ikifunguka polepole husukuma magurudumu, na kuna gurudumu moja dogo linalokwenda huku na huko kama mtu anayetikisa kichwa, ambalo huyazuia magurudumu mengine yasikimbie. Gurudumu hilo hugonga mara 6 kwa sekunde. Fanya hesabu: ni mara 21,600 kwa saa moja, na mara 518,400 kwa siku. Palipo na msuguano mkubwa pamewekwa vito, 21 kwa jumla. Fundi aliniambia nisiwaze utajiri. Ni vito vya kutengenezwa kiwandani, vigumu kuliko chuma, vinavyozuia vyuma visilane.

"Ni 6119 safi," fundi akasema. "Haijabadilishwa. Hii ni ya miaka ya sabini, kijana."

"Haiwezi kuwa ya 1964?"

Alicheka. "Ikiwa ya 1964, basi mimi ni bwana harusi." Akaipiga mafuta, akaifunga, akanitoza shilingi 200.

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Ukweli nilikuwa nao, lakini ulikuwa ukweli wa kunishtaki. Ikiwa saa ilitengenezwa Agosti 1974, hakuna Mzungu aliyempa babu mwaka wa 1964. Basi nani alidanganya? Baba mdogo? Au ni babu mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kuniambia uongo hata wa mzaha? Nilinyamaza kwa majuma mawili. Siku ya Pasaka tulikusanyika, na baba mdogo akaisimulia tena hadithi ile, akanishika mkono na kuunyanyua ili wajomba waione saa. Watu wakapiga makofi. Nilihisi saa inanichoma. Nikawaza: nikisema, nitamvunjia marehemu heshima, nisiposema, kila siku nitakayoivaa nitakuwa nimevaa uongo.

Nikaamua niendelee na hatua ya tano, ambayo ni maandishi, labda yatanisaidia. Babu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Kwa idhini ya nyanya nililifungua. Hapa nikufundishe jambo: karatasi isiyo na tarehe yaweza kutambuliwa umri wake kwa jina la ofisi iliyo juu yake. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa herufi E.A.R. & H., liliundwa mwaka wa 1948. Mwaka wa 1969 bandari zilitengwa na reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 kila nchi ilichukua reli yake, na Shirika la Reli la Kenya likaundwa mwaka wa 1978. Kwa hivyo kitambulisho cha babu, chenye jina la Reli na Bandari pamoja, si cha baada ya 1969 hata kama wino wa tarehe umefutika. Kumbe babu alifanya kazi ile ile, katika stesheni ile ile, chini ya majina matatu.

Barua ya Mzungu sikuiona. Lakini chini kabisa, ndani ya bahasha, palikuwa na stakabadhi ya karo ya Kidato cha Kwanza yenye jina la shangazi yangu mkubwa. Tarehe yake ni Januari 1972. Kiasi cha fedha hakisomeki. Nilishangaa babu aliiwekaje stakabadhi hiyo moja na kuzitupa nyingine zote.

Hatua ya sita, ambayo kwa kweli ingekuwa ya kwanza, ni kumwuliza aliyekuwapo. Nyanya amevuka miaka themanini, lakini kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Nilimkuta uani akipukuchua mbaazi. Nikaketi, nikamsaidia, nikameza mate, nikasema, "Nyanya, nina neno. Saa hii si ya mwaka wa 1964. Ilitengenezwa mwaka wa 1974."

Sikutarajia alivyofanya. Alicheka mpaka mbaazi zikamwagika.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita kwa kuwa nina jina la babu, "nani alikwambia hiyo ndiyo ya Mzungu?"

"Kwani si baba mdogo?"

"Baba yako mdogo alizaliwa lini yeye? Ya Mzungu ilikuwa ya kutiwa ufunguo. Kila usiku kabla ya kulala nilimsikia babu yako akiizungusha, krr, krr, krr. Hiyo uliyoivaa umeona ikitiwa ufunguo?"

Ama kweli penye wazee haliharibiki neno! Fundi alinionyesha kwamba saa hii haitiwi ufunguo kwa mkono, nami nikaona ni jambo la ufundi tu. Nyanya hajasoma hata darasa moja, hajui 6119 ni nini, lakini alizitofautisha saa hizo mbili kwa sikio.

"Sasa ya Mzungu iko wapi?" nikauliza.

Nyanya aliacha kucheka. Akapukuchua maganda mawili matatu kabla ya kunijibu. "Iliuzwa. Shangazi yako alipita mtihani, akaitwa shule ya bweni. Mvua ilikuwa imekosa, mahindi hakuna, na mshahara ulikuwa umekatwa deni. Babu yako alipanda gari moshi la usiku akaenda nayo Mombasa. Aliporudi mkono ulikuwa mtupu na karo ilikuwa kamili."

Tangu hapo, alinieleza, babu aliishi bila saa. Watu wakimwuliza alisema stesheni ina saa kubwa ukutani, na mtu mmoja ana haja gani ya saa mbili? Alfajiri aliamka kwa mlio wa gari la mizigo, na hakuchelewa hata hivyo. Alipopata akiba akanunua hii ya sasa katika duka moja la Mombasa, kwenye barabara ambayo nyanya huiita Salim Road hadi leo na sisi twaijua kama Digo Road. Mwaka hakuukumbuka, lakini alikumbuka kwamba siku babu aliporudi nayo, baba mdogo alikuwa anatambaa, akaishika akataka kuila. Baba mdogo alizaliwa Februari 1975. Kitambulisho chake chasema hivyo. Mtoto wa Februari hutambaa mwisho wa mwaka. Sasa pima mwenyewe: saa ilitengenezwa Agosti 1974, ikasafiri kwa meli, ikakaa dukani, ikanunuliwa mwaka wa 1975. Hata kile Kiarabu cha kidirishani sikukishangaa tena, kwani Mombasa ni mji ambao wasomaji wa Kiarabu hawajapata kukosekana.

Nilimwuliza nyanya swali la mwisho. Kwa nini babu hakuwasahihisha watoto wake miaka yote hiyo? Alisema, "Hakudanganya. Alisema Mzungu alimpa saa, na ni kweli alimpa. Wao ndio walioangalia mkononi wakadhani ni hiyo. Angesema ile iliuzwa, wangeuliza kwa nini. Na hakutaka shangazi yako asome akiwa na deni moyoni."

Ile stakabadhi ya Januari 1972 ikanijia akilini. Nakiri kwamba karatasi hiyo haisemi fedha zilitoka wapi. Lakini tarehe yake yaafikiana na maneno ya nyanya, na nadhani sasa najua kwa nini babu hakuitupa.

Kwa ruhusa ya nyanya, yote haya tuliyasema likizo ya Agosti, shangazi alipokuja. Yeye ni muuguzi mstaafu. Baba mdogo alibisha kwanza, akaitaka daftari yangu, akaisoma nambari kwa nambari, halafu akasema tu, "Kumbe." Shangazi hakusema kitu. Aliniomba saa, akaishika sikioni kwa muda mrefu, kisha akanirudishia na kuniambia nisije nikaiuza, hata iwe kwa karo yangu. Karo atalipa yeye.

Na bei yake, wengi wataniuliza. Si kubwa. Seiko 5 zilitengenezwa nyingi mno, na hii yetu imekwaruzwa. Ingekuwa ile ya 1964 iliyotoka mkononi mwa Mzungu, huenda mnunuzi angeongeza kitu kwa sababu ya hadithi. Lakini mimi sasa naipenda zaidi hii. Ile ya kwanza babu alipewa. Hii aliinunua mwenyewe, baada ya kumsomesha mtoto.

Basi, msomaji, ukitaka kuitafuta historia ya saa yako, au hata ya cherehani, redio au baiskeli iliyoachwa na wazee, ushike haya. Usiisafishe kabla ya kuisoma. Nakili kila nambari na kila neno, mbele na nyuma. Nambari moja ikikupa jibu unalolipenda, lijaribu kwa ushahidi mwingine kabla ya kulishangilia. Tafuta fundi aifungue badala ya kuifungua mwenyewe. Tazama karatasi za zamani, na usome hata jina la ofisi lililo juu. Kitu kikipingana na simulizi, usikimbilie kumwita mtu mwongo. Huenda ni hadithi mbili zilizounganishwa kuwa moja. Na zaidi ya yote, mwulize mzee angali hai, leo jioni ikiwezekana, huku ukimsaidia kazi yake. Saa yaweza kungoja katika sanduku miaka hamsini. Nyanya hawezi.

Yule jirani yangu wa dawati aliponiuliza tena, "Sasa, ni ya mwaka wa 1964?" nilimjibu, "La, ni ya 1974, na nimejua." Safari hii hakuna aliyecheka. Aliniomba nimsaidie kusoma saa ya baba yake.

Kwaherini, hadi mwaka ujao Mungu akipenda.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.